Taa ya "gari limelewa": kompyuta inajua lakini inanyamaza

Haya wasomaji, leo tuweke kando hifadhidata na seva, tulale chini ya gari kidogo. Kuna taa moja ya njano kwenye dashibodi ambayo wengi wenu mnaijua sura hata kama hamjui jina lake. Ina picha ya gari dogo, na chini ya magurudumu kuna mistari miwili iliyopindapinda kama nyoka. Shemeji wangu, ambaye hubeba abiria na maembe kati ya Katilu, Lokichar na Lodwar, anaiita taa ya "gari limelewa". Mimi naona jina lake ni zuri kuliko ya watengenezaji. Toyota wanauita mfumo huo VSC, Nissan VDC, Honda VSA, Mercedes-Benz ESP, BMW DSC. Majina matano, kazi ile ile: kulizuia gari lisiteleze likatoka kwenye njia yake. Humu nitauita mfumo wa utulivu, na taa yake taa ya utulivu.

Hoja yangu nitaisema mapema ili asiye na muda aende zake. Taa hii ni mfano wa ujumbe mbaya kabisa wa hitilafu. Kompyuta ya gari inajua ni gurudumu gani lina shida, imeandika shida hiyo kwenye kumbukumbu yake kwa namba, halafu inamwambia mwenye gari maneno mawili tu: "Kuna kitu." Mimi nikimwandikia mteja programu inayosema "kuna kitu" halafu inanyamaza, sitalipwa. Watengenezaji wa magari wanalipwa vizuri tu.

Tuanze na kazi ya mfumo wenyewe, maana watu wengi wanadhani ni pambo la magari ya matajiri. Kila gurudumu lina sensa inayohesabu mzunguko wake. Usukani una sensa inayosema dereva anataka kwenda wapi. Katikati ya gari kuna nyingine inayopima jinsi gari linavyozunguka na kusukumwa ubavuni. Kompyuta inalinganisha alichoomba dereva na linachofanya gari. Bosch wanasema inafanya hivyo mara 25 kwa sekunde. Vikitofautiana, inafunga breki ya gurudumu moja peke yake na kupunguza nguvu ya injini hadi gari lirudi kwenye mstari. Hakuna dereva duniani mwenye mguu wa kufunga breki ya gurudumu moja. Kwa hiyo huu si mfumo wa kumsaidia dereva mbovu. Unafanya jambo ambalo hata dereva hodari hawezi.

Mercedes-Benz na Bosch waliutoa mwaka 1995, na Toyota wakatoa wa kwao Japani mwaka huo huo. Wanunuzi wengi hawakujali. Kisha Oktoba 1997 waandishi wa gazeti la magari la Uswidi, Teknikens Värld, wakachukua Mercedes A-Class mpya kabisa na kuikwepesha ghafla, kama mtu aliyekutana na mnyama barabarani. Kule mnyama wao ni aina ya kulungu mkubwa mno, mwenye miguu mirefu na pembe pana kama sinia. Gari likapinduka. Aibu ikazunguka dunia nzima, Mercedes wakasimamisha mauzo kwa muda, na gari liliporudi sokoni kila A-Class ilikuwa na mfumo wa utulivu.

Sisi huku hatuna kulungu wa namna hiyo. Tuna ngamia. Ngamia hana haraka, hasikii honi, na akiamua kusimama katikati ya barabara ya A1 atasimama hadi atakapoamua vingine. Zamani hilo halikuwa jambo kubwa, kwa sababu barabara yenyewe ilikuwa mashimo matupu na gari halikuweza kukimbia hata likitaka. Siku hizi kuna lami mpya kutoka Lokichar kuelekea Lodwar na mbele hadi Kakuma. Watu wanakimbiza magari kilomita 100 kwa saa na zaidi, upepo unaleta mchanga juu ya lami, na juu ya paa kuna magunia na mitungi. Barabara nzuri ndiyo imeufanya mfumo wa utulivu uwe suala la kufa na kupona Turkana. Taasisi ya IIHS ya Marekani, ambayo hulipiwa na kampuni za bima, iliona kwamba mfumo huu unapunguza karibu kwa nusu hatari ya ajali mbaya ya gari moja peke yake, yaani ile ya kuacha njia na kubingiria bila kugongana na mtu. Ndiyo ajali ya huku kwetu hiyo.

Halafu kuna hesabu ndogo ambayo sijaona watu wakiifanya. Marekani ililazimisha mfumo huu kwa magari madogo yote kuanzia toleo la 2012. Ulaya ilimaliza kuulazimisha kwa magari mapya mwaka 2014. Japani ilianza na aina mpya za magari ya abiria mwaka 2012. Na Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo umri wake umepita miaka minane. Jumlisha mwenyewe. Magari yanayoshuka Mombasa sasa ni ya baada ya sheria hizo, na yanakuja na mfumo huu utake usitake. Taa hii itawaka sana miaka ijayo, na itawaka mbali na Nairobi.

Sasa hapa ndipo ninapokasirika. Nimeona magari yenye kipande cha selotepu nyeusi juu ya taa hiyo. Nimeona dashibodi iliyofunguliwa na balbu yake kung'olewa ili gari liuzike. Waandishi wa programu wenzangu mnaijua tabia hii: ni yule kijana anayekamata hitilafu kwenye programu halafu haandiki kitu ndani ya mabano, anaacha tupu, na programu inaendelea kana kwamba mambo ni salama. Tofauti ni kwamba programu yake ikianguka, hakuna anayepelekwa hospitali ya Lodwar.

(Ukinunua gari lililotumika, fanya hivi kabla ya kutoa pesa. Weka swichi bila kuwasha injini. Taa ya utulivu na ya ABS lazima ziwake kwa sekunde chache, kisha zizime zenyewe. Isiyozimika ina shida. Ambayo haiwaki kabisa inatisha zaidi, kwa sababu kuna mtu ameinyamazisha.)

Lakini siwalaumu madereva peke yao. Mtu aliye Katilu, ukingoni mwa mto Turkwel, taa ikiwaka afanye nini? Muuzaji rasmi mwenye mashine ya kampuni yuko mbali mno. Kwa hiyo anafanya kile ambacho kila mtu anafanya: anaagiza kile kisomaji kidogo cha bei rahisi kinachochomekwa chini ya usukani na kuongea na simu kwa blututhi. Anakichomeka. Simu inamjibu: hakuna hitilafu. Na taa inawaka vile vile mbele ya macho yake.

Kwa nini? Hii ndiyo sehemu ya kihistoria inayoniuma kuliko zote. Tundu lile chini ya usukani, linaloitwa OBD-II, lilizaliwa kwa ajili ya moshi. Kalifonia walichoshwa na hewa chafu, na kuanzia 1996 Marekani yote ikalazimisha kila gari dogo jipya lieleze hitilafu za injini kwa lugha moja ambayo kisomaji chochote kinaweza kuisoma. Misimbo hiyo inaanza na herufi P. Misimbo ya breki na mwendo inaanza na C, na sheria haikuigusa kwa namna ile ile. Kila kampuni iliachwa iongee lugha yake ya nyumbani. Kwa maneno mengine, gari linalazimika kumwambia mtu yeyote kwamba linachafua hewa, lakini halilazimiki kumwambia kwamba halitaweza kujizuia kupinduka.

Kisomaji chenyewe kina kisa chake, nacho kinatuhusu sisi watu wa programu. Ndani yake kuna chipu iitwayo ELM327, au nakala yake. Ilibuniwa na kampuni ndogo ya Kanada, Elm Electronics. Toleo la kwanza waliliuza bila kuwasha kinga ya kuzuia kunakiliwa, watu wakachota programu yote iliyokuwa ndani, na dunia ikajaa nakala. Nyingi zimeandikwa "toleo 1.5", toleo ambalo Elm hawakuwahi kulitengeneza! Kampuni ilifunga milango mwaka 2022, nakala bado zinauzwa. Huwa nakosa la kusema juu ya hilo. Wizi ni wizi, lakini bila nakala hizo fundi wa Lokichar asingekuwa na chochote mkononi.

Nirudi kwa shemeji. Gari lake ni Toyota ndogo ya umbo la sanduku, msomaji wa Kenya analiona hata akifumba macho. Lilikuwa linanguruma gurudumu la mbele kushoto, akalipeleka kwenye gereji moja mjini, wakambadilishia beringi. Kelele ikaisha. Kesho yake asubuhi taa ya gari limelewa ikawaka, pamoja na ya ABS. Akaenda kwa fundi wa pili, naye akaangalia kidogo akasema kompyuta ya ABS imekufa, atafute iliyotumika, shilingi elfu arobaini na tano. Ndipo simu yangu ikalia.

"Shemeji, si wewe mtu wa kompyuta? Huyu anasema ni kompyuta."

Nikamwambia asinunue kitu mpaka nifike. Siku hizo nilikuwa njiani kwenda nyumbani Katilu hata hivyo.

Swali la kwanza ninalouliza programu ikiharibika ni hili: mara ya mwisho mlibadilisha nini? Ukiwa na jibu la hapo, nusu ya kazi imekwisha. Mtu akibadilisha beringi leo na taa ikawaka kesho, kompyuta kufa yenyewe usiku ule ule ni sadfa ambayo sitailipia elfu arobaini na tano.

Swali la pili ni taa zipi zinawaka pamoja. Hili mtu yeyote anaweza kulisoma bila chombo. Taa ya utulivu ikipepesa kwa muda mfupi unapopita kwenye utelezi, haina ubaya, ndiyo kazi yake. Ikiwaka bila kuzima, na neno OFF liko pale, huenda kuna mtu aliyebonyeza kitufe. Huku Turkana kitufe hicho kina kazi halali: ukinasa kwenye mchanga wa laga, mfumo unakata nguvu ya injini kila tairi likizunguka, na hutoki, kwa hiyo unauzima, unajikwamua, halafu unaurudisha. Nakwambia nusu ya "magari mabovu" niliyoitiwa ni watu waliosahau kuurudisha. Ikiwaka pamoja na taa ya injini, kwenye Toyota nyingi shida ni ya injini na mfumo wa utulivu umejitoa tu kwa sababu hauwezi tena kuitegemea injini. Tengeneza injini na zote mbili zitazima. Ikiwaka pamoja na ya ABS, kama ya shemeji, angalia upande wa magurudumu, nyaya zake, au umeme wa betri. Na ikiwaka pamoja na ile taa nyekundu ya breki, usiende popote. Hapo si utulivu peke yake uliokwenda, huenda breki zenyewe hazigawani nguvu sawasawa.

Kabla ya misimbo kuna mambo ya bure ya kutazama. Kimiminiko cha breki kimefika kwenye alama? Betri ina nguvu? Taa za breki nyuma zinawaka ukikanyaga? Swichi ndogo ya pedali ikifa, mfumo haujui kama umekanyaga breki na unakataa kufanya kazi. Halafu matairi. Miiba ya mathenge imetujaza ukingo wote wa Turkwel, na mtu akipata pancha mbili kwa siku anafunga tairi lolote litakaloingia. Tairi dogo linazunguka haraka kuliko wenzake watatu, kompyuta inaona gurudumu moja lina mwendo wake, inachanganyikiwa.

Kwa shemeji yote hayo yalikuwa salama. Kisomaji cha bei rahisi nacho kikasema hakuna hitilafu, kama nilivyotarajia.

Hapa nawasifu Toyota, na nawasifu kwa dhati. Kwenye magari yao mengi waliacha mlango wa nyuma ambao hauhitaji mashine. Kwenye lile tundu la OBD, unazima swichi, unaunganisha tundu namba 4 na namba 13 kwa kipande cha waya, kisha unawasha swichi bila injini. Taa ya ABS inaanza kupepesa. Ikipepesa haraka haraka bila kukoma, hakuna msimbo. Ikipepesa mara tatu, ikapumzika, ikapepesa mara mbili, hiyo ni 32. Tahadhari moja: namba 16 ina umeme wa betri saa zote, na ukikosea tundu utachoma fyuzi au kitu cha ghali zaidi. Hesabu mara mbili, chomeka mara moja.

Taa ikapepesa tatu, ikatulia, ikapepesa mbili. Shemeji alihesabu mwenyewe kwa sauti, na watoto waliokuwa dirishani wakahesabu pamoja naye. 32 ni sensa ya gurudumu la mbele kushoto. Gurudumu lile lile lililobadilishwa beringi.

Mafundi wengi wakifika hapa wananunua sensa, na ndiyo maana nasema msimbo si hukumu. Msimbo unasema "sisikii habari kutoka huku". Anayenyamaza anaweza kuwa sensa, waya, plagi iliyoingia vumbi, au kile ambacho sensa inakitazama. Kujua ni yupi kunahitaji kuona namba zikitembea, na chombo cha kuzionyesha kilikuwa Kakuma, kwa fundi mmoja Mkongo niliyemfahamu zamani, ambaye hutengeneza magari ya kila aina pale. Kutoka Lodwar ni kama kilomita 120. Tukaenda taratibu. Breki za kawaida bado zipo taa hizo mbili za njano zikiwaka; kinachokosekana ni ule msaada wa juu yake.

Yule fundi akachomeka mashine yake, tukaendesha polepole kwenye uwanja. Magurudumu matatu yakaandika 20, 20, 19. La mbele kushoto likaandika 0. Hata halikurukaruka, ilikuwa sifuri safi. Akapima waya kutoka plagi hadi kompyuta, mzima. Umeme ulikuwa unafika kwenye sensa. Akaniangalia akacheka.

"Hii beringi walitia mgongo mbele."

Ngoja nieleze, maana hili ndilo nililotaka kuwafikishia mafundi wa waya na wa injini pia. Zamani sensa ilitazama gurudumu la chuma lenye meno, ungeweza kuliona na kulisafisha kwa brashi. Kwenye magari mengi ya siku hizi meno hayapo. Badala yake kuna pete nyembamba ya sumaku iliyofichwa kwenye kifuniko cha upande mmoja wa beringi, kaskazini na kusini zikipishana mzunguko mzima. Upande huo lazima utazame sensa. Ukiigeuza beringi, gurudumu linazunguka vizuri kabisa, kelele haipo, kila kitu kinaonekana kipya, na sensa inatazama chuma kitupu. Fundi wa kwanza hakuharibu kitu kinachoonekana kwa macho. Hakuna aliyemwambia kwamba beringi sasa ina uso na kisogo.

Unautambuaje upande? Yule wa Kakuma alishika pini ya karatasi karibu na kila upande, mmoja ukaivuta kidogo. Mimi nikakumbuka mchezo wa utotoni. Tulikuwa tunatoa sumaku kwenye spika ya redio iliyokufa, tunaiburuta kwenye mchanga wa laga, inatoka na manyoya meusi. Ni vumbi la chuma lililomo kwenye mchanga wetu. Tukaweka karatasi juu ya beringi mpya, tukanyunyiza mchanga mweusi, tukaigonga karatasi kidogo. Ukajipanga mistari mistari kuzunguka pete, kama miale ya jua aliyoichora mtoto. Shemeji alipiga picha. (Pangusa vizuri baadaye! Mchanga huo huo ukikwama kwenye pete ndani ya gari unaleta taa ile ile uliyokuja kuifukuza.)

Beringi ya aina hiyo ikishang'olewa kwa kusukumwa huwa haifai tena, kwa hiyo ilibidi kuweka mpya: shilingi elfu tatu na mia tano, na kazi ya mikono. Waya ukarudi namba 4 na 13, shemeji akakanyaga breki mara nane ndani ya sekunde tano, ambayo ndiyo namna ya kufuta msimbo kwenye gari kama lake. Taa zikazima. Tukaendesha tena: 20, 20, 20, 20. Nasisitiza mpangilio huo. Kufuta ni kwa mwisho, baada ya kutengeneza. Anayefuta kwanza amefuta ushahidi.

Sasa kuna watu watasema mwandishi wa programu anataka kila dereva awe fundi. Sitaki. Ninachotaka ni kwamba gari liseme. Redio ya gari la shemeji ina kioo kinachoonyesha jina la wimbo na la mwimbaji. Kompyuta zote za ndani zinaongea kwa nyaya mbili tu kwa utaratibu uitwao CAN, ambao Bosch waliutangaza mwaka 1986. Habari ya gurudumu la mbele kushoto ilikuwa tayari inajulikana humo ndani. Kuandika "sensa ya mbele kushoto haisikiki" kwenye kioo kile hakuhitaji chuma kipya hata kimoja. Ni uamuzi tu wa mtu aliyekaa ofisini, ambaye kwake gereji ya kampuni iko dakika ishirini kutoka nyumbani.

Watengenezaji wana jibu lao: breki ni jambo la usalama, hatutaki kila mtu aingize mkono. Naliheshimu kidogo. Lakini wenzangu mnajua tofauti ya ruhusa ya kusoma na ruhusa ya kuandika. Nizuieni kuandika, sawa, fungeni kwa nywila zote mnazotaka. Kusoma mnanizuia kwa sababu gani? Aliyezuiwa kusoma hatulii, anachukua selotepu. Au analipa elfu arobaini na tano kwa kompyuta ambayo haina ubaya wowote, na baada ya kuifunga taa inaendelea kuwaka.

Wengine wameshalipigania hili. Wapiga kura wa Massachusetts, Marekani, walipitisha mwaka 2012 sheria ya kuwalazimisha watengenezaji wawape wenye magari na gereji za nje habari zile zile wanazozipa gereji zao. Ulaya nayo ina kanuni za kufungua habari za matengenezo. Sisi tunaopokea magari hayo hayo yakiwa na miaka saba, udhamini ukiwa umeisha zamani, ndio tunaozihitaji habari hizo kuliko wao, na sisi ndio hatukuwepo mezani. Tukianzia nyumbani, ningependa wakaguzi wa NTSA wanapolipima gari la abiria watazame taa hiyo kwa sekunde tano: imewaka ulipoweka swichi? Imezima? Hakuna mashine inayohitajika, na selotepu zingebanduka nchi nzima.

Nikisubiri hayo, nimemwandikia shemeji faili moja ya maandishi matupu, anayo kwenye simu, haihitaji intaneti. Ina misimbo ya Toyota ya kuhesabu kwa taa, kwa Kiswahili. Mistari ya kwanza inasema: 31 mbele kulia, 32 mbele kushoto, 33 nyuma kulia, 34 nyuma kushoto. Chini yake nimeandika: kabla ya kununua sensa, uliza nani aligusa gurudumu hilo mara ya mwisho. Madereva wa Lokichar wameshaanza kurushiana, na juzi mmoja alinipigia akiuliza ya Nissan. Hiyo bado sijaiandika.